Mzee Wilbroad Masele na Jina Linaloitwa Kwanza

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Wilbroad Masele anastaafu, baada ya kuutumikia Ushirika wa Mti Safi hapa Tabora kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja kutoka Bukene mwaka 1994 akiwa na shoka, sanduku la bati na barua ya katekista iliyosema kwamba ni mchapakazi asiye na maneno mengi. Barua ilisema kweli.

Wakazi wa mji huu wanaijua shida yetu. Miembe ya njia ya zamani ya misafara ilikuwepo kabla ya nyumba. Nyumba zikaja, zikaizunguka, na leo mti wa kukumbatiwa na watu wanne umesimama katika ua usiopitisha hata mkokoteni. Kukata tawi si kazi. Kazi ni kulitoa. Matawi tuliyaburuta vichochoroni, tukibandua plasta za watu na kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Mwaka 2013 tulipopata mashine ndogo ya kusaga matawi, inayosukumwa kwa mkono na kupita mlango wa kawaida, Mzee Wilbroad ndiye aliyeielewa kabla ya sisi sote.

Kwa Bi Benedikta, kule Mtendeni, hakukuwa na njia ya kufika uani ila kupitia sebuleni. Mzee Wilbroad aliomba makochi yasogezwe, akayafuta magurudumu kwa kitambaa, akaipitisha mashine taratibu mbele ya wajukuu waliokaa kimya kama wako kanisani. Jioni tawi zima lilikuwa chenga, limetandazwa kwenye bustani ya mchicha. Bi Benedikta husema hajapata mgeni mwenye adabu kama ile mashine.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliishia hapo na shukrani. Nilimpelekea aisome, akairudisha na maneno manne ya penseli pembeni: “Ezekia, kamba iko wapi?”

Basi naiandika. Novemba 2014 aliteremsha tawi kwa kamba, akasahau kuifungua. Mimi nilikuwa nalisha mashine. Tawi likaingia, kamba ikafuata, na mzingo wake ukanasa mkono wangu wa kushoto. Yeye ndiye aliyekimbia kuizima. Vidole vitatu vilikwenda, nami nikahamishiwa ofisini, ambako ndiko naandika jarida hili.

Tangu siku hiyo hakuiwasha mashine kabla kamba zote hazijalazwa chini na kuhesabiwa, pete na rozari hazijavuliwa, na kila mtu hajaitwa kwa jina akaitika. Jina la kwanza ni langu. Niko kilomita mbili mbali, nimekaa na mafaili, lakini huita “Ezekia!” na haiwashi mpaka mmoja aitike: “Yupo, mzima.” Wageni hudhani ni utani. Doto, binti anayechukua nafasi yake, alicheka siku ya kwanza, na alipoelezwa akalia. Kwa zaidi ya miaka kumi hakuna aliyeumia tena.

Habari hiyo niliijua muda mrefu na sikuwahi kwenda kuitika mwenyewe. Nasema wazi: nilikuwa na kinyongo. Kilipoisha, nikaona aibu kwa kuchelewa.

Ijumaa iliyopita alifanya kazi yake ya mwisho, uani kwa Bi Benedikta. Nilikwenda, nikasimama nyuma ya wenzangu. Kamba zililazwa chini, zikahesabiwa: nne. Akaita jina langu huku ameiinamia mashine, kama kawaida yake. Doto alinitazama, akaniachia niitike.

“Nipo, kaka,” nikaitika. “Mzima.”

Hakugeuka upesi. Alivua kofia yake, akajifuta uso nayo, akaivaa tena. Kisha akaita jina lililofuata, na lililofuata, mpaka la mwisho, ndipo akaiwasha.

Mzee Wilbroad, asante kwa miti, kwa kuta zilizobaki zimesimama, na kwa mikono ya vijana wetu. Nenda Bukene ukapumzike, tunakuombea miaka mingi yenye amani. Doto ataendelea kuita majina kila asubuhi, na nimemwomba aanze na lako. Tutakuitikia sisi: yupo, mzima.