Boliti Saba

Muuguzi alikuwa anawahi zamu ya asubuhi, wala hakuwa na hamu ya kupiga soga na mtu. Lakini bwana aliyeketi naye kwenye basi alikuwa na boliti saba mkononi, anazigeuzageuza, na uvumilivu ukamshinda.

"Za nini hizo, baba?"

"Za gari langu, dada. Nimelitengeneza mwenyewe nyumbani Jumamosi, zikabaki." Akashusha pumzi. "Na kosa si langu, ni la timu yangu ya kriketi. Nafunga boliti huku nasikiliza mechi. Kila mchezaji wetu akitolewa, naacha spana nakimbilia redio. Nikirudi chini ya gari, sikumbuki nilifikia wapi."

"Walitolewa wangapi?"

"Wote kumi."

Muuguzi akapiga hesabu kimoyomoyo. "Kumbe tatu ulizikumbuka."

"Nilijitahidi."

"Si ungelipeleka tu kwa fundi, baba yangu?"

Bwana yule alimtazama kama aliyetukanwa. "Timu inashindwa mwaka wa kumi na moja huu na sijaipa kisogo. Gari nilikatie tamaa kwa Jumamosi moja?"

Hapo hapo injini ya basi ilikohoa mara mbili, ikazimika katikati ya daraja. Dereva alikuwa hajamwita mtu bado, lakini bwana yule alikwisha kunja mikono ya shati.

"Nishikie hizi, dada," alisema, akimmiminia boliti kiganjani. "Nisije nikazichanganya na za basi."