Bi Lucille, Wapenzi wa Heron, na Jumamosi Iliyotuokoa

Salamu nyingi kwako, Bi Lucille Thibodeau. Kabla ya yote namsalimu Bwana Armand na lile goti lake, naomba Mungu baridi iwe imeliachia. Namsalimu Claudette na mumewe kule Worcester, na Remy anayeota meno, na Josie asiyekula chochote ila makaroni, mwambieni shangazi Ilda kasema mboga hazijawahi kumuua mtoto. Namsalimu jirani yenu anayewasombea theluji bila kuombwa. Hata yule paka wenu asiyenipenda, naye nimemsalimu. Sisi huku kiwandani wazima. Waliponiambia niandike wasifu huu wa jarida la wafanyakazi niliwajibu kwamba shule yangu ni ndogo. Wakasema, andika unavyoongea. Basi nimekubali, na sasa nawageukia wasomaji wote.

Bi Lucille anastaafu Ijumaa tarehe 30 Mei, baada ya miaka arobaini na moja kiwandani kwetu. Aliingia akiwa msichana, akawekwa chumba cha kung'arishia chuma, kule ambako ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Mikono ikamvimba, daktari akamkataza. Ndipo wakamhamishia ofisi ya mbele akae na simu ya wateja kwa muda kidogo. Muda huo kidogo ndio unaokwisha Ijumaa.

Siku hizo kiwanda kilikuwa bado kinatengeneza Heron, bastola ya silinda, ya risasi sita, iliyounganishwa kwa mikono ya kina Stan Wojcik mmoja mmoja. Stan bado tunaye, na bado ananuna asubuhi. Baadaye wakubwa wakaona mkono wa mtu una gharama, wakaifuta. Hapo ndipo wapenzi wa bastola hiyo walipoishika simu ya Bi Lucille na hawakuiachia tena.

Kuna daktari wa meno mmoja wa Ohio aliyekuwa akipiga kila Jumatatu.

"Bi Lucille, inarudi lini?"

"Ikirudi nitakupigia mwenyewe, daktari. Sasa rudi kwa mgonjwa wako, umemwacha mdomo wazi."

Mwingine alipiga akikaribia kulia, eti rangi ya buluu ya Heron yake inapauka, chuma gani hiki. Bi Lucille akamuuliza anaifuta kwa kitu gani. Kwa dawa ya kung'arishia bampa ya gari. Mara ngapi? Kila jioni, baada ya chakula. "Naipenda sana, Bi Lucille." Naye akamjibu, "Basi ipende mara moja kwa mwaka, baba, na kwa kitambaa kikavu."

Wengine tukiwasikia watu wa namna hiyo tunazungusha macho. Yeye hakuzungusha. Aliwajua kwa sauti, aliwajua na wake zao, na alijua nani amefiwa na mbwa.

Kisha, majira ya kuchipua miaka mitatu iliyopita, Heron ikarudi. Ilirudi na mashine mpya, na watu wapya wakaajiriwa, mimi nikiwa mmojawao. Kazi yangu kuipaka mafuta, kuifunga karatasi na kuilaza kwenye kasha. Bi Lucille alitimiza ahadi, akampigia daktari wa meno. Mkewe ndiye aliyetuambia kwamba mzee alikwenda kukaa ndani ya gari peke yake mpaka alipotulia.

Furaha ile haikufika hata majira ya kiangazi. Jamani, maoni! Simu haikupoa. "Buluu yake haina kina." "Mti wa mpini huu ni kama kabati la jikoni kwangu." "Kifyatulio ni kizuri, sikatai, lakini cha zamani kilikuwa na roho." Mmoja alilalamika robo saa nzima kwamba hii mpya hailengi sawasawa. Bi Lucille akamuuliza, "Umeshapiga nayo wapi, bwana?" Yule akashtuka: "Nani, mimi? Niichafue?"

Hayo tulicheka. Lakini likaja moja ambalo halikuwa la kucheka. Wakaanza kusema silinda inakwama. Si zote, na si kila mara, ila bastola inayokwama ni kipande cha chuma tu, na maneno yakasambaa kwenye mabaraza yao yote ya mtandaoni. Makasha yakaanza kurudi. Nilikuwa nikipokea asubuhi yale niliyoyafunga kwa mkono wangu. Mafundi walizijaribu zile bastola, silinda zikazunguka vizuri kama feni. Meneja akatukusanya na kutuambia wazi: hali ikiwa hivi mpaka Krismasi, Heron inafutwa tena, na sisi wa laini mpya ya kuitengeneza tunakwenda nyumbani. Mimi nina watoto watatu na kodi ya nyumba. Jioni hiyo nilimenya viazi mpaka nikamenya na vya kesho.

Bi Lucille alipewa maneno ya kuwasomea wapigaji: kwamba kiwanda kimepima, hakuna kasoro, asante kwa kupiga. Akayasoma mara moja, akasikia yule mtu wa upande wa pili ameumia, akaiweka ile karatasi chini ya kikombe chake cha kahawa. Badala yake akampigia mkali wao kuliko wote, Harlan Tuttle wa Vermont, fundi wa mabasi mstaafu, ambaye wenzake wakitaka kujua wanunue au wasinunue humsikiliza yeye. Mzee Tuttle alikuwa ameshatangaza kwamba Heron mpya ni aibu iliyopakwa rangi.

"Mzee Tuttle, hayo unayoyasema huko, njoo uyaseme huku."

"Nije nifungiwe mlango?"

"Nitaushika mlango mimi. Njoo na wenzako. Na uje na njaa."

Kisha akaenda kwa meneja kuomba ukumbi wa chakula siku ya Jumamosi. Meneja akamwambia anawaita simba ndani ya zizi. Akamjibu kwamba simba hawa wana miaka sabini na wengi wana kisukari, apunguze tu donati.

Wakaja, na theluji ile. Wamevaa kofia za masikio, kila mmoja na kikasha chake kwapani kama aliyeleta mtoto kliniki. Bi Lucille alikuwa amepika maharage yake ya sukari guru na pai za nyama. Akawachanganya mezani kwa makusudi, mpenzi mmoja, mfanyakazi mmoja, ili asipatikane wa kumsema mtu asiyekuwepo. Mimi nikaketishwa karibu na Mzee Tuttle. Akaniuliza mimi hufanya nini hapa. Nikamwambia mimi ndiye ninayezifunga kwenye karatasi. Akasema, "Karatasi ni nzuri." Basi, hiyo ndiyo sifa ya kwanza tuliyopata.

Kwa Stan hakuwa mpole.

"Hii umeiunganisha wewe au mashine ya kufulia?"

"Na wewe umeipiga au umeikalia?"

"Nimepiga makasha mawili ya risasi mfululizo, bila kupumzika, kama nilivyokuwa nikifanya na ya zamani. Kasha la pili ndipo inapokwama."

Stan akaacha kutafuna. "Mfululizo? Ikiwa ya moto?"

"Sasa nipige moja, niende nikaoge?"

Mafundi wetu walikuwa wakijaza silinda na kupiga mara moja au mbili tu, bastola ikiwa baridi, wanaona inazunguka, wanairudisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza mlalamikaji hupigaje. Wakashuka wote kwenye chumba cha kupigia risasi kule chini, maharage yakapoa mezani. Mzee Tuttle akapiga, akajaza, akapiga. Kwenye kasha la pili silinda ikagoma. Stan akaipokea kwa kitambaa maana ilikuwa inaunguza, akaiinua kwenye taa akachungulia ile nafasi ndogo kati ya silinda na mtutu. Mwanga haukupita.

"Imebana mno," akasema. "Chuma kikipata moto kinavimba, na masizi yanaziba kilichobaki. Za zamani hatukuzibana hivi."

"Acha uongo. Ya zamani ilifunga kikiki kama kasha la fedha la benki. Sisi sote tumesema hivyo miaka yote."

"Mmesema, ndiyo! Mmesema, mmeandika, mmeimba. Wahandisi wakawasikiliza, wakatengeneza kasha la benki."

Mzee Tuttle akaanza kucheka, cheko la tumbo, akakaa kwenye ngazi. "Kwa hiyo ni midomo yetu." Alicheka mpaka wenzake wakaambukizwa, na sisi nasi, na meneja, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesimama karibu na mlango kama anayengoja basi.

Marekebisho yalikuwa madogo kuliko unywele. Zilizorudi zikapanuliwa nafasi, mpya zikatoka zimekaa sawa, na sasa kila moja hupigwa mpaka ipate moto kabla sijaifunga. Mzee Tuttle aliwatangazia wenzake kwamba mti wa mpini bado ni kabati la jikoni, ila silinda inazunguka, na kwamba watu wa kule wanajua kupika. Krismasi ikafika, ikapita, tukiwa kazini. Laini ya Heron ipo mpaka leo, na tangu wiki iliyopita tunaongeza watu.

Bi Lucille alipewa cheti kwa ajili ya hilo. Mimi nampa asante ya mama wa watoto watatu, ambao hawakuhamishwa shule. Wengine wangekata simu. Yeye alisikia upendo ndani ya zile kelele, akaupikia maharage.

Bi Lucille, nenda ukapumzike. Kula mchana, usiseme baadaye, nakujua. Baridi ikirudi usishuke zile ngazi za nyuma peke yako, na Armand asijifanye kijana. Mungu akupe siku nyingi zenye jua na viungo visivyouma, na nyumba isiyopungukiwa wajukuu. Hayo ndiyo tunayokuombea sote, kuanzia chumba cha kung'arishia mpaka getini.

Ila kuna jambo moja, na hili si la sherehe. Jumatatu kwenye kiti chako nakaa mimi. Meneja ameamua. Wapigaji wako wote humalizia na swali lile lile: ipi bora, ya zamani au hii? Wewe ulikuwa ukikinga mdomo kwa kiganja, ukanong'ona kitu, na yule wa upande wa pili alicheka akakata simu ameridhika. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia ulichokuwa ukiwaambia. Daktari wa meno hupiga kabla kahawa haijashuka. Tafadhali, Bi Lucille, niletee jibu haraka, hata kwa kumtuma Armand na goti lake, lakini lifike kabla ya Jumatatu.

Wako, Ilda Medeiros, meza ya kufungia