Mchezaji Douce Cikwanine, na Neno Ambalo Kamati Iliomba Likatwe

Kamati ya mazishi ilituomba sisi wa gazeti la kambi wasifu mfupi usio na neno "mchezaji" ndani yake. Ufupi tutajitahidi. Lile neno liliachwa mikononi mwa baba wa marehemu, shemasi Cyrille, na hadi jana Alhamisi saa nne asubuhi, mwenye mashine ya kuchapa akiwa anatazama saa yake, shemasi alikuwa hajasema kitu.

Douce Cikwanine alizaliwa tarehe 9 Agosti 1993 Kadutu, mjini Bukavu, mtoto wa kwanza wa Cyrille na Cécile. Juni 2004 familia ilikimbia vita. Ilifika hapa Malawi, kambi ya Dzaleka, Februari 2005 ikiwa na sufuria mbili, Biblia moja na yeye, ambaye njia nzima alikuwa akiuliza kama huko waendako kuna mpira.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa hapa kambini, akamaliza mwaka 2012. Siku moja mwalimu wa hesabu alimkuta amepanga vifuniko vya chupa juu ya dawati, kumi na moja kila upande, akamnyang'anya. Baada ya mapumziko Douce alirudi darasani akamkuta mwalimu mwenyewe anajaribu kupiga kona.

Mwaka 2013 alipata kazi Area 25, Lilongwe, katika nyumba ya intaneti ya Bwana Hubert. Asubuhi, wateja wakiwa bado wachache, alijifunza mpira wa kompyuta, ule wa kushindana na watu walio nchi nyingine. Wanaume waliposikia sauti yake kwenye maikrofoni walimwambia arudi jikoni. Alikuwa akiwajibu, "Jikoni nimetoka sasa hivi, nsima imeiva. Njoo ufungwe ukale." Jumamosi tarehe 17 Septemba 2016 alishinda mashindano ya mtandaoni ya wachezaji thelathini na wawili. Mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Oktoba likaja gazeti. Hatulitaji jina, halijatulipa tangazo. Mpiga picha alimtaka afungue nywele, apake rangi ya midomo, akae kitandani ashike manette, kile kidude cha kuchezea, ambayo haikuunganishwa na kitu chochote. Mwandishi akauliza, "Nani bwana yako anayekufundisha?" Douce akamwambia, "Andika kwamba mimi ndiye ninayewafundisha." Hakuandika. Kichwa cha habari kilisema: Mrembo mkimbizi anayewatoa wanaume jasho. Nywele zilitajwa mara tano, ushindi mara moja, chini kabisa, jirani na tangazo la mbolea. Yule kijana aliyefungwa kwenye fainali alipewa nusu ukurasa wiki iliyofuata aeleze mbinu zake. Tunarudia: aliyefungwa. Redioni watu walipiga simu saa nzima wakibishana kama msichana wa namna hii ataolewa.

Mwandishi alifika pia hapa Dzaleka kumuuliza baba kama anajivunia mwanawe. Wazee wawili wa kanisa walikuwa wamekaa barazani wanasikiliza. Shemasi alisema, "Mi siyue ile mambo. Ile mutoto si mi nilimufundisha." Ikachapwa kwa herufi nene: Baba amkana. Gazeti lilitaja hata mtaa aliokaa Douce kule Lilongwe na rangi ya mlango wake. Baada ya wiki mbili maofisa walibisha mlango huo huo, kwa kuwa mkimbizi haruhusiwi kuishi mjini bila kibali, wakamrudisha kambini. Kwaya ya kanisa, alikokuwa akiimba, ilimsimamisha miezi mitatu. Yeye na baba yake waliendelea kula sahani moja, lakini neno "mchezaji" hakuna aliyeligusa.

Bwana Hubert alimtumia kompyuta mbili kuukuu, naye akafungua chumba karibu na soko, akawa anafundisha wasichana. Huko ndiko fundi cherehani Fabien, mtu wa Uvira, alikofungwa saba bila, akaomba namba ya simu. Siku ya kupeleka mahari, baba mdogo wa Fabien, Mzee Asani, alitoa lile gazeti kwenye koti akalitandika juu ya mkeka mbele ya wakwe. "Hii njo bibi munatuletea?" Fabien akasema, "Papa mudogo, hiyo gazeti nilisoma mbele yako. Baliandika uongo. Huyu ananifunga saba, ile bataandika lini?" Mama Cécile alicheka, soda ikamtoka puani, na mahari ikapokelewa. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 2018.

Februari 2019 alianza kuvimba miguu. Madaktari walisema ni figo. Kila safari ya hospitali Lilongwe ilihitaji barua ya ruhusa, na barua ilikuwa na mwendo wake. Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2019, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake. Kitandani hapakuwa na kompyuta. Tunasema hivi kwa sababu Jumatano redio ilitangaza kwamba "mrembo wa michezo" ameuawa na kukesha mbele ya skrini, na mwandishi wao akampigia Fabien kuuliza kama kuna picha akiwa amelala juu ya manette. Figo, ndugu mtangazaji. Ni neno fupi, linaandikika.

Ameacha mume wake, Fabien. Mama yake, Cécile. Mdogo wake, Elodie. Na wasichana sita wa chumba kile, ambao kamati iliwaomba wakae nyuma. Wamekaa mbele.

Ameacha na baba. Jana saa nne na nusu shemasi aliomba kalamu. Tulidhani anakata. Aliongeza mistari kwa mkono wake, akataka ichapwe hivyo hivyo:

"Douce alikuwa muchezaji. Baliniuliza nikaogopa batu. Leo baniulize tena. Mi njo baba yake."

Apumzike kwa amani, mchezaji wetu.