Posa ya Munisagara na Pesa Zake za Pembeni

Kijiwe chenyewe ni ubao wa bodi la Fuso uliolazwa juu ya ringi mbili za tairi, pale Mikumi kwenye barabara kuu ya Iringa, mahali mabasi yanaposimama ili abiria wachimbe dawa vichakani na kununua mahindi ya kuchoma. Wanaokaa hapo wanajiita Kamati Kuu, na hakuna aliyewachagua. Kuna Mzee Mwinshehe mwenye birika la kahawa, ambaye wenzake humwita Waziri wa Nishati. Kuna Abubakari, yeye ni Profesa, digrii hana hata ya kuazima, ila aliwahi kubeba mizigo ya watafiti wa tembo mwezi mzima akarudi na miwani. Kuna Shimba, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa kuliko ng'ombe wote. Na kuna Damiano, Mkaguru wa Mamboya, mpiga video wa harusi, ambaye tangu atengeneze filamu yake haitiki tena ukimwita Damiano. Mwite Dairekta. Asubuhi hiyo Dairekta alifika, akakaa, na kashata hakugusa. Hapo Kamati ikajua kuna jambo.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Kuna nini leo? Umeachwa? — Mzee Mwinshehe alimmiminia kikombe bila kuulizwa.

— Bado, ila nipo kwenye foleni. Yule msambazaji wa Dar anapiga simu mchana huu. Anataka jibu. Namwuzia filamu yangu, *Posa ya Munisagara*, haki zote, au simwuzii.

— Haki zote ndo zipi?

— Zote, mzee. Akishanilipa mara moja, basi. DVD zake, TV zake, mtandaoni kwake, mpaka kwenye mabasi. Mimi nabaki na jina langu kule mwishoni, kwenye yale maandishi ambayo watu wanazima kabla hayajapita.

— Na hela anayotoa?

— Inatosha kumrudishia Winnie mpunga wake. Ikibaki, nakunywa soda.

Hapo Mzee Mwinshehe akamwongezea kahawa kwa heshima, maana habari ya mpunga wa Winnie ilikuwa inajulikana Mikumi nzima. Winnie, mke wa Damiano, alikuwa amelima msimu mzima, akavuna, akauza, akampa mumewe afanye hiyo filamu yake. Alimpa kwa moyo mweupe na kwa sharti moja: mvua za vuli zikianza na filamu haijarudisha mpunga, kamera inauzwa, na Dairekta anashika jembe. Damiano aliitikia haraka sana siku ile. Sasa mawingu yalishaanza kukaa juu ya milima ya Udzungwa, na kila akiyatazama anahisi kamera inavutwa begani mwake. Aliipenda kamera ile, jamani, tena aliipenda hadharani, hakuficha.

— Mimi sielewi, — alisema Mzee Mwinshehe. — Banda la video lilijaa siku mbili. Watu walikaa mpaka madirishani. Kijana, wewe ni tajiri, unatuficha tu!

— Tajiri wapi, mzee? Toa mafuta ya jenereta. Toa mwenye banda, ametaka nusu yake. Toa ubwabwa wa waigizaji, na wale wanakijiji wa Munisagara walikula kama wanahama. Nilichobaki nacho nilinunulia Winnie kitenge, akaniuliza, "Hiki ndo mpunga?"

— Hapo ndo mnapokosea, — Profesa alipandisha miwani, na Kamati ikajiweka sawa, maana akipandisha miwani hashuki upesi. — Banda halileti faida. Banda linaleta sifa. Faida ya filamu iko kwenye pesa za pembeni. Nyumbani! Mtu akiwa na ya kwake kabatini, anaiangalia yeye, shemeji anaiangalia, mgeni akija anawekewa. Zamani ilikuwa kanda, ikaja DVD, sasa ni flashi na simu. Kila kikibadilika chombo, watu wananunua upya kitu kile kile. Kazi umefanya mara moja, wewe unakula mara nne!

— Sasa mara nne hizo anakula nani, mimi au msambazaji?

— Aliye na haki, Dairekta. Huyo anayekupigia simu si mjinga. Anajua pesa ya banda umeshaila. Yeye anafuata hizo nyingine.

Damiano alisogea karibu na Profesa. Maneno ya Profesa kwa kawaida yanaingia hapa yanatokea pale, lakini haya yalikaa. Ila Profesa hakujua kuishia pazuri.

— Kisha unauza Oman. Oman wamejaa Waswahili. Kisha Kongo. Kisha unaiweka kwenye vile vindege vinavyoleta Wazungu hapa hifadhini. Mzungu yuko angani, dirishani anaona mawingu tu, hana la kufanya, anamwangalia mkwe wa Munisagara! Unamtoza kwa dola.

— Kale kandege kana viti sita na redio, — alisema Mzee Mwinshehe. — TV wataweka wapi, kwenye mapaja ya rubani?

Walicheka, na Damiano akacheka nao, akachukua kashata ya kwanza. Shimba akaweka kikombe chini, na ile sauti yake kubwa akaipunguza.

— Profesa, — aliuliza taratibu, — na basi? Filamu ikionyeshwa ndani ya basi, inalipiwa?

— Kwa sheria, inalipiwa. Tena vizuri.

— Ohoo.

— Ohoo ya nini, mla michembe ya viazi wewe? — Damiano alimgeukia.

— Usinitukane, mtu wa milimani, unayetembea kama unapanda hata kwenye tambarare. Unakumbuka usiku wa kwanza pale bandani? Niliteka flashi yako.

Alikumbuka. Wasukuma na Wakaguru ni watani, na mtani akishika kitu chako penye shughuli, kitu hicho ni mateka. Huruhusiwi kukasirika. Unatoa kuku, au soda, au chochote, hapo hapo, mbele za watu, unakomboa, mnacheka, yameisha. Shimba aliinua flashi juu usiku ule akapiga kelele, "Nataka jogoo!" Na Damiano, kichwa kimemjaa sifa, akamwambia jogoo atakuja wiki ijayo. Nakala nyingine si ilikuwa kwenye kompyuta? Akasahau. Hata watoto wa Mamboya wanajua kwamba mateka hayapitishi usiku bila kukombolewa.

— Nilisubiri jogoo, — alisema Shimba. — Nikasikiliza asubuhi kama atawika. Wapi! Basi mateka yakawa yangu. Nikampa mpwa wangu Nickson.

— Nickson kondakta? Wa basi la Kilosa?

— Huyo huyo. Anaiweka kila safari, kwenda na kurudi. Abiria wanaipenda mpaka wanagoma kushuka! Na wanaoshuka wanamwomba awarushie kwenye simu. Mpaka Lumuma imefika, mtani. Jana nimesikia watoto kule wanaigiza.

Hasira ilimpanda Damiano, ila hakuwa na pa kuipeleka, maana mtani hakasirikiwi. Angekuwa mtu mwingine angemkunja shati. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

— Shimba! Umeniua! Umeniua mchana kweupe!

— Ungenipa jogoo.

— Jogoo mmoja!

— Mmoja tu, tena hata tetea ningepokea.

Mzee Mwinshehe alikuwa amegeukia pembeni mabega yakimtikisika. Profesa naye alivua miwani akafuta machozi. Damiano akawatazama, akajitahidi kukasirika na hao angalau, ikashindikana. Kicheko kilimtoka bila ruhusa yake, kile cha mtu aliyepoteza mpunga wa mke wake kwa sababu ya kuku.

— Lakini ngojeni, — alisema akijifuta. — Si utani tena huu. Msambazaji akijua inazunguka bure, anaacha. Nitamwambia nini Winnie?

— Imekufa, — Profesa alitoa hukumu. — Nani atanunua alichokiona bure?

— Na mimi nasema imezaliwa, — alijibu Mzee Mwinshehe. — Mimi kikombe cha kwanza huwa nampa mtu bure. Kesho anakuja mwenyewe.

— Kahawa inaisha kikombeni, mzee. Filamu haiishi.

— Basi na mimi nataka changu, — Shimba aliingilia. — Fahali aliyecheza humo ni nani? Bonge! Bonge wangu! Kila basi likiionyesha, Bonge anafanya kazi. Ng'ombe wangu hachezi bure.

— Bonge alilipwa pumba gunia zima!

— Pumba za bandani. Za basi bado. Na nikwambie, tangu filamu itoke, ndama wa Bonge nimewapandishia bei mnadani. Mtu anauliza, "Huyu ni mtoto wa yule wa relini kwenye filamu?" Namwambia ndiye. Hata akiwa siye, ndiye.

— Hiyo ndo pesa ya pembeni sasa! — Profesa aliruka, amesahau kwamba filamu ameshaizika. — Mnaona? Ndama, fulana zenye picha ya Bonge, kanga yenye maneno ya mama mkwe, mlio wa simu wenye sauti ya fahali...

— Wazungu, — Shimba alikazia. — Simba wamemwona, tembo wamemwona. Fahali mwigizaji hawajamwona. Tunamweka pale getini kwa hifadhi.

— Na sanamu, — Mzee Mwinshehe naye akachukuliwa na maji yale yale. — Sanamu ya Bonge katikati ya barabara. Malori yote ya Zambia yanasimama kupiga picha. Yakisimama, dereva anataka nini? Kahawa. Dairekta, usiuze! Nitakupa asilimia ya birika.

Damiano alikuwa anacheka, lakini jicho liko kwenye simu. Hakuona pa kushika. Akiuza, Winnie anapata mpunga na kamera inabaki, ila *Posa* inakwenda moja kwa moja. Asipouza, ana sanamu ya ng'ombe isiyojengwa na asilimia ya birika.

Basi la Kilosa likaingia, likashusha watu. Mama mmoja mnene mwenye kitenge cha njano aliweka begi lake chini karibu na ubao, akatweta kidogo.

— Shikamoo mzee. Hamjambo, baba zangu?

— Marahaba, binti yangu. Karibu. Unaelekea wapi?

— Tukuyu. Nimetoka Kilosa kumwona mdogo wangu kajifungua, nasubiri gari la Mbeya. Naitwa Tumwagile. Samahani, nyie ni wenyeji? Kwenye basi hili wametuwekea filamu, yaani nimecheka mpaka mbavu zinauma. Kijana anapeleka posa, fahali anamtoroka, fahali anakwenda kusimama relini, treni hiyo inakuja, kijana kapiga magoti anamlilia fahali... na basi likafika! Kondakta akazima! — Alipiga mapaja yake kwa uchungu. — Nataka nimpelekee mama yangu. Hatoki nje siku hizi, miguu haimruhusu, kucheka kwenyewe imekuwa shida. Nitainunua wapi?

Shimba alimtazama Profesa. Profesa alivaa miwani, akaivua. Mzee Mwinshehe akainama kupuliza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Kamati iliyokuwa imeshauza *Posa* Oman, Kongo na angani haikujua mtu wa Tukuyu aipate wapi, kwa sababu haikuwepo popote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kwamba kuna siku mtu atasimama mbele yao na begi, anataka moja.

Simu ya Damiano ikalia.

— Kaka, nipe jibu, — ilisema sauti ya Dar. — Tunamaliza au hatumalizi?

— Swali moja tu, bosi. Nina mteja hapa wa *Posa*. Ukishaichukua, huyu mama ataipata wapi?

— Mteja mmoja? — Sauti ilicheka. — Kaka, ninazo nyingi hapa zinasubiri zamu. Yako nitaitoa nikiona soko limekaa. Mwakani, mwaka kesho kutwa. Ikishakuwa yangu, hilo si shauri lako.

Damiano alimtazama mama Tumwagile, aliyekuwa bado anasubiri, ametoa macho. Alimwona na yule bibi wa Tukuyu asiyemjua, amekaa, miguu imegoma, na kwenye TV mbele yake kijana amepiga magoti relini. Alikuwa anaogopa, lakini furaha iliyomjaa hajawahi kuipata hata usiku ule banda lilipojaa.

— Basi siuzi, bosi. Asante.

Alikata. Shimba alimpiga kofi la mgongo lililomwagisha kahawa.

— Winnie atakuua, mtani!

— Ataniua vizuri tu. Mama, usiondoke. Filamu ni ya kwangu. Nyumbani ni hapo nyuma ya mashine ya kusaga, nakutolea nakala sasa hivi, na mwisho wake wote.

— Ya kwako? Ee Mungu wangu! Mwenyewe kabisa! — Mama Tumwagile alimshika mkono kwa mikono miwili, akautikisa. Kisha akafungua fundo la kitenge. — Haya, baba. Unauzaje moja?

Damiano alianza kuhesabu kwa vidole, akapotea. Akamgeukia Profesa.

— Profesa, moja shilingi ngapi?

Profesa akamgeukia Mzee Mwinshehe. Mzee Mwinshehe akamgeukia Shimba, na Shimba, kwa mara ya kwanza tangu ahamie Mikumi, akasema hajui.