Kikombe Alichopewa Sifael

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Sifael, mkulima wa tangawizi wa Mamba, huku kwetu Same. Amefariki akiwa na miaka sitini na mmoja. Tulimzika Jumamosi. Nasema tulimzika kwa sababu nilikuwepo, na sikupenda nilichokiona.

Sifael alikuwa mtu wa utani. Bodaboda ikipita na magunia matatu ya tangawizi, aliisimamisha amuulize dereva kama pikipiki nayo imekula.

Alikohoa siku nne, akapata homa. Jumatano asubuhi dada yake, Devotha, alimletea kikombe cha tangawizi ya moto. Akanywa chote. Mchana akateremshwa hadi kituo kimoja cha afya mjini Same. Jioni akafariki.

Kikombe asubuhi, kifo jioni. Msibani hilo liliwatosha watu. Devotha na kaka yake walikuwa wakigombea mpaka wa shamba, kila mtu alijua. Tena, watu wakanong'ona, mgonjwa gani wa mapafu anatania mpaka dakika ya mwisho?

Ni kweli alitania. Pale kituoni tabibu Wilbard alimbana kidole kwa kile kipimo kidogo cha oksijeni. Kikasoma sabini na nne. Kwa mtu mwenye afya husoma tisini na tano kwenda juu. Sifael akacheka: "Sabini na nne? Shuleni sikuwahi kuzipata."

Jikoni msibani, Devotha alikaa kumenya ndizi. Mwanamke mmoja akamchukulia kisu mkononi, taratibu. "Mama, pumzika. Hapa mikono imetosha."

Mimi nami nilimshuku, wasikilizaji. Ndiyo maana nilimfuata Wilbard. Akanieleza hivi: mapafu yakishambuliwa na vijidudu, kinga ya mwili huja kupigana kama askari. Oksijeni ikipungua kwenye damu, wale askari mara nyingi hawatulii. Wanazidi ukali, wanajeruhi hata mapafu wanayoyalinda. Mapafu yanavimba, yanajaa maji, na oksijeni inashuka zaidi. Na wapo wagonjwa wasiohisi kuishiwa pumzi. Mtu anacheka huku ndani anaharibika.

Nasema wazi: kwa maelezo ya tabibu, tangawizi haikumuua Sifael.

Nikamuuliza, mbona hakuwekewa oksijeni? Wilbard akasema niiulize familia.

Sikuuliza. Juzi mjane wake, Mama Ernesta, aliniita mwenyewe.

"Mtungi wa oksijeni niliukataa mimi," alisema. "Baba mdogo kule Maore aliwekewa, akafa. Nikaona mtungi ndio unaoua. Nikatia sahihi kwamba tumekataa."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku zote zile.

"Walikuwa wanamtazama wifi. Hawakuwa wananitazama mimi."

Ameniomba niyaseme hapa, kwa sababu kanisani alijaribu, akashindwa.

Wasikilizaji wapendwa, poleni familia ya Sifael. Pole Mama Ernesta, kwa mume na kwa mzigo huu. Tufikiri pamoja: wengi waliokufa wakiwa na mtungi walifikishwa kwa kuchelewa, nasi tukaushuku mtungi. Tukimaliza kuulaumu mtungi, tunamtafuta mtu wa kumlaumu.

Pole na wewe Devotha, uliyefiwa na kaka. Yuko nyumbani Mamba, wasikilizaji. Tangu mazishi hakuna aliyempigia hodi. Nyumba yake mnaijua.