Sindano Niliyoificha Nyuma ya Soda

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye magoti mazima, asifiwe na sisi ambao magoti yanatuamsha kabla ya jogoo! Naitwa Roza, mshonaji wa hapa Arua, mzaliwa wa Koboko. Baba yangu alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili nilikipata kambini pamoja na uji. Wengi wenu mmevaa kazi ya mikono yangu: sare za kwaya, magauni ya gomesi ya harusi, vitenge ambavyo akina mama wanavipitisha mpakani Vurra kwenda Kongo. Wengi pia mlinisikia mwaka juzi nikishuhudia kwamba Bwana ameniponya magoti. Leo mchungaji ameniruhusu niandike ushuhuda ule upya, ili wa Arua na wa Koboko wausome, kwa sababu ule wa kwanza niliukata katikati nikawaonyesha upande mzuri tu.

Nianzie mwanzo. Miaka mingi nimekanyaga cherehani ya miguu. Mwili ulikuwa mkubwa, wala sikuuonea aibu. Kwetu mama mnene ni mama aliyetulia. Lakini magoti yakaanza kuvimba. Asubuhi vidole vilikuwa vigumu, hata kutia uzi kwenye sindano ilikuwa kazi ya kuomba msaada. Jioni ukigusa goti unasikia joto. Nikaanza kutembea na fimbo. Wateja wakaanza kuniita bibi, na mimi sina mjukuu hata mmoja!

Binti yangu Asunta ni muuguzi Kampala. Akanipeleka kwa daktari huko, nikapimwa damu, presha na sukari. Daktari akasema uzito unayaumiza magoti, na sukari imeanza kuninyemelea. Akaniandikia sindano ya kupunguza uzito, ya kujidunga tumboni mara moja kwa wiki. Umbo lake ni kama kalamu nene. Inatakiwa ikae kwenye baridi, na mimi sina friji. Basi nikamwomba jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani wa Aru, ng'ambo ya mpaka, anayeuza vinywaji karibu na kibanda changu, aniwekee nyuma kabisa ya chupa za soda. Nikamwambia ni dawa tu, asiulize zaidi.

Kwa nini nilificha? Ndugu zangu, mnajua wenyewe. Kwetu mtu akianza kukonda, hakuna anayesema amependeza. Watu wanashusha sauti, wanakumbushana mume wake alikufa kwa ugonjwa gani. Nikaona kwamba wakisikia pia najidunga kila wiki, watanizika nikiwa hai. Nikafunga mdomo.

Sasa sikieni ajabu. Njaa ilinyamaza. Mimi niliyekuwa namaliza mlima wa enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, nilianza kula kidogo na kusukuma sahani. Tumbo lilisumbua mwanzoni, kichefuchefu, choo kigumu, lakini uzito ukashuka. Na kuna jambo moja ambalo hadi leo linanishangaza. Mimi ni mtu wa futi, kila kitu napima. Majuma ya mwanzo, kabla uzito haujashuka, kiuno kilikuwa bado kile kile, hakijapungua hata nusu inchi, lakini vidole vilikwisha kulainika na pete ikaingia! Nikajiuliza, hii dawa inafanya nini huko ndani? Lilikuwa swali zuri. Sikulifuata, maana kanisani walikuwa wameanza kunitazama.

Waliniombea, ndugu zangu. Akina mama wa maombi walifunga siku tatu kwa ajili yangu, wakidhani naugua ugonjwa wa kukondesha. Siku ya mwisho nikaingia kanisani bila kuegemea kitu, fimbo nimeibeba mkononi. Kanisa likalipuka! Na mnajua desturi yetu: aliyeponywa anakileta kitu chake cha ugonjwa, anakiacha mbele ya madhabahu. Wengine wameacha magongo. Baba mmoja aliacha miwani, akajikwaa kwenye ngazi akitoka. Mimi niliacha fimbo, nikasema, "Bwana ameondoa moto kwenye magoti yangu." Moto ulikuwa umeondoka kweli. Lakini sindano sikuitaja, na vigelegele vilikuwa vitamu.

Hapo ndipo kosa likazaa kosa. Baada ya kushuhudia, nilianza kuuamini ushuhuda wangu mwenyewe. Kila wiki nikienda kwa Mama Furaha moyo ulinichoma: aliyeponywa anajidunga nini tena? Si ni kumwambia Mungu kwamba hakumaliza kazi? Nikaacha. Sikumwuliza daktari, sikumwambia Asunta. Majuma ya kwanza nilikuwa salama, nikazidi kuimba.

Kisha njaa ikarudi, na ilirudi na hasira. Nilikuwa nakula, naosha sahani, halafu nafikiria chakula. Gauni nililolipunguza mwenyewe nikalifumua. Na asubuhi moja pete ikagoma kuingia, magoti yakawa na joto lile lile. Ningeshika nini? Fimbo ilikuwa madhabahuni! Ningepita vipi mbele ya watu kwenda kuichukua? Nikawa natembea nikishika kuta. Siku hizo Mama Furaha aliniita.

"Mama Roza, bile bintu byako biko bado mu frigo. Mutu akifungua ananiuliza kama naweka dawa ya ng'ombe. Utabikamata lini?"

"Tupa," nikamwambia. "Mimi nimepona."

Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Kama umepona, mbona unakamata ukuta?"

Nilikwenda duka la dawa nikanunua vidonge vya maumivu. Nikameza viwili kwa siku, halafu vinne. Akina mama wakifunga, nami nafunga, na vidonge nameza bila chakula. Tumbo likaanza vita: kiungulia, gesi, leo nahara, kesho siendi choo kabisa. Nikasema ni adui. Nikalikemea tumbo kwa jina la Yesu kila asubuhi, kisha nikameza vidonge vingine. Nacheka nikiandika haya, lakini wakati ule sikucheka.

Katika hali hiyo nikaitwa Koboko. Akina mama wa huko walikuwa na mkutano wao wa siku mbili, wakamtaka "yule mama wa magoti" awape ushuhuda. Nilishindwa kukataa. Nilikaa chini ya turubai, tumbo linawaka, magoti yanawaka, nikingoja kuitwa. Ndipo Mama Kiden akaja akakaa karibu yangu. Ni mkulima wa Abuku, huko huko Koboko, ananizidi kwa miaka mingi, na nimewashonea wajukuu wake sare za shule. Akaninong'oneza kwa furaha.

"Roza, mwanangu, ile siku wewe nashuhudia Arua, mimi iko pale. Mimi narudi nyumbani, natupa dawa ya sukari yote kwa choo. Kama Mungu anaponya Roza bila dawa, na mimi je? Sasa iko nangoja tu siku yangu."

Akainua pindo la gomesi. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Alipokifungua kidogo nilisikia harufu kabla sijaona kidonda.

"Hii hapana pona bado," akasema. "Lakini imani iko."

Ndugu zangu, nimepita mengi. Nimezika mume. Lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Yule mama alikuwa anaoza mguu akinisubiri mimi nimtie moyo! Nilimwuliza ana muda gani bila dawa, akanihesabia kwa mavuno. Kabla sijasema neno, jina langu likaitwa.

Nilisimama nikishika mti wa turubai. Nilitamani nizungumze ile hotuba yangu nzuri nirudi Arua. Badala yake nikamtazama Mama Kiden. Nikasema hivi: "Mnaponiona hapa, magoti yanauma. Nilipotoa ushuhuda nilikuwa najidunga sindano ya daktari kila wiki, nikaficha. Nilipoacha, yamerudi. Mama Kiden, nakuomba mbele ya watu wote, rudi kwenye dawa yako leo hii." Hakuna aliyesema amina. Sauti moja nyuma ikasema, "Eee! Huyu mama natudanganya!" Na alikuwa na haki.

Mwenyekiti wao, mama mrefu, mjane wa askari, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. Nikajua nafukuzwa. Yeye akauliza, "Nani mwingine hapa nawacha dawa? Inua mkono." Kisha mkono mmoja ukainuka, na mwingine, na wa mama aliyekuwa anapika jikoni akiwa bado ameshika mwiko. Nililia pale mbele bila aibu.

Alasiri ile ile nilimpeleka Mama Kiden hospitali. Walimpokea haraka, nyuso zao hazikunipendeza. Na mimi nikiwa nimesimama kwenye foleni kizunguzungu kikanishika, nikakalishwa, daktari akaanza kuniuliza. Alikuwa msichana, umri wa Asunta. Nikamwambia yote, hata kwamba choo kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Akakasirika kweli. Akasema vile vidonge vya maumivu, hasa bila chakula, vimenichubua tumbo, na ningeendelea ningevuja damu hadi nife. Nikalazwa nami, kitanda cha pili kutoka kwa Mama Kiden.

Tumbo lilipotulia, lile swali nililoliacha likarudi. Nikamwuliza daktari: kwa nini vidole vililainika kabla ya uzito kushuka? Kwa nini uvimbe umerudi? Akasema dawa ile inatuliza njaa na kupunguza mwendo wa chakula tumboni, na inaonekana inatuliza na uvimbe kwa njia yake, lakini wataalamu bado wanachunguza. Ukiacha, njaa inarudi, uzito unarudi, na uvimbe unaweza kurudi. Si laana, wala si imani haba. Ni mwili. Nikamwuliza mengine kumi.

"Mama, wewe nauliza kama polisi," akasema.

"Baba yangu alikuwa askari," nikamjibu, na akacheka kwa mara ya kwanza.

Akanipa dawa ya tumbo ya majuma kadhaa, akanikataza vidonge vya maumivu bila ruhusa, akanifundisha kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu, ili mapaja yasaidie magoti. Kisha akasema nitazame mwenyewe ni nini kinanisumbua. Hapo alinipata! Nilinunua daftari la shule. Kila asubuhi naandika: pete imeingia au haikuingia, tumbo limesemaje, jana nilikula nini, nilikaa muda gani kwenye cherehani.

Ndugu zangu, nilikuwa nimehukumu wasio na hatia! Nilishuku maji ya majivu tunayopikia majani ya kunde. Nikayaacha siku kumi, hakuna kilichobadilika. Nikashuku simsim, yaani ufuta, naye akatoka mahakamani huru. Maharage yalinijaza gesi nilipoyarudia sahani nzima, lakini nilipoanza na vijiko viwili na kuongeza polepole, tumbo likayazoea. Uji mchachu wa ulezi ulinikalia vizuri. Unajua kilichokuwa kinanisumbua? Soda mbili nilizokuwa nakunywa kila siku kudanganya njaa, na zile saa nne nilizokaa kwenye cherehani bila kuinuka. Siku ninazoinuka kila ninapomaliza mkono mmoja wa gauni, kesho yake asubuhi pete inaingia. Siku za harusi, ninaposhona bila kunyanyuka, haiingii. Huo ni mwili wangu; wako huenda ukakuambia mengine. Nilimtumia Asunta kurasa hizo, akazionyesha daktari wa Kampala. Huenda nikarudi kwenye sindano, huenda nisirudi. Nikirudi, nitawatangazia kabla ya sadaka.

Je, nimepona? Magoti hayajapona. Leo yamevimba kidogo. Lakini nimefunguliwa! Nilikuwa mfungwa wa maneno yangu mwenyewe, natabasamu mbele za watu na kuharibu tumbo kwa siri, nikimwogopa Mungu kana kwamba angekasirika nikimwuliza swali. Hakukasirika. Namshukuru kwa daktari yule mkali, kwa Asunta, kwa Mama Furaha na macho yake. Nawaomba msamaha akina mama mliofunga siku tatu kwa ajili yangu.

Mama Kiden alikatwa vidole viwili vya mguu. Mguu wenyewe ulibaki. Kwa miezi sikuweza kumtazama usoni, na Jumapili iliyopita akaja Arua, akaomba nafasi ya kushuhudia. Nilitamani benchi linimeze. Alitembea polepole hadi mbele na kiatu chake kilichopasuliwa upande. Hakunitaja. Alitoa kwenye mfuko wa gomesi pakiti ya vidonge, akaiinua juu watu wote waione.

"Bwana asifiwe," akasema. "Hii iko dawa yangu ya sukari. Mimi nakunywa asubuhi, nakunywa jioni. Mungu ananipa mguu wa kuja hapa, na hii dawa nasaidia Yeye."

Watu walitazamana, hawakujua kama hilo ni la kuitikia amina. Nikaitikia mimi, peke yangu, kwa sauti yote niliyopewa, hadi mchungaji akageuka. Mama Kiden akanitafuta kwa macho, akanipata, akaitikisa ile pakiti kwangu.

Basi ndugu yangu unayesoma, kama una maumivu, mtumaini Bwana, Yeye hachoki na maswali yako. Nenda kapimwe. Usitupe dawa kwa sababu ya ushuhuda wa mtu, hata wangu. Na ukija mbele kumshukuru, njoo na vyote viwili mkononi, sala yako na pakiti yako. Nitakuwa benchi la tatu kushoto, na amina yako iko tayari.