Dada Aliyelieleza Shairi la Mama

Ndugu wafiwa na majirani, wasifu huu wa dada yangu mkubwa nimeuandika mimi mdogo wake, mwalimu mstaafu. Mkisikia wivu humu, msishangae. Upo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kifungua mimba wa fundi viatu na mkewe, katika chumba cha nyuma ya duka la baba. Mimi nilifuata miaka mitatu baadaye, nikakuta kila kitu ni chake, hata mgongo wa mama.

Alisoma hadi darasa la saba. Mimi nikaendelea hadi chuo cha ualimu. Mwaka 1975 alianza kushona nguo, na cherehani hakuiacha kwa miaka arobaini na tisa. Mwaka 1979 aliolewa na fundi bomba, wakajaliwa watoto wawili.

Baba alipofariki, mama alitunga shairi la kumlilia na kumwomba Mungu. Likawa linasomwa katika kila msiba mtaani, na aliyeombwa kulieleza ni dada. Mimi, niliyefundisha ushairi miaka thelathini, nilikuwa nagawa chai. Jamani, roho iliniuma! Basi siku moja, kwenye msiba wa muuza mkaa, nikamtangulia. Nikasimama na ule ubeti wa “Ulichotwaa ni chako, na machozi haya yangu.” Nikaeleza vina, mizani na unyenyekevu wa mja. Mjane alinisikiliza mpaka mwisho.

“Asante, mwalimu,” akasema. “Sasa dada yako anasemaje?”

Dada hakucheka. Alimshika mjane mkono. “Mungu kachukua chake, mama. Hajasema usilie. Lia tu.” Mjane akalia, na msiba mzima ukalia naye. Dada sikumsemesha siku tatu.

Septemba 2024 figo zilianza kumsumbua. Alipolazwa, nikamuuliza wodini maana ile aliyompa mjane aliipata wapi.

“Sijui,” akasema. “Nilikuwa naogopa utanisahihisha mbele za watu. Nilikuonea wivu sana, mdogo wangu. Wewe umesoma.”

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na mimi. Asubuhi hii wazee wameniomba nilieleze shairi la mama. Nafasi niliyomwonea kijicho maisha yangu yote, leo nimepewa. Siitaki. Namtaka dada.

Mungu ampe pumziko la amani.